Kaseti ya Nyumbani

Wenzake kazini walimwita Mama Mistari, na jina hilo alilipata kwa pasi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akifanya kazi katika idara ya kufulia ya hospitali kubwa, kule nyuma kabisa ambako mabomba ya mvuke yanapita ukutani na sakafu haikauki, na katika miaka yote hiyo hakutokea wa kumfikia. Koti la daktari likipita mikononi mwake lilitoka na mistari iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Mumewe alikuwa akimtania kwamba yeye hutoa mistari mingi kwa siku moja kuliko mshairi kwa mwaka mzima.

Maana mumewe ndiye aliyekuwa mshairi. Alifundisha katika shule ya wasioona, naye mwenyewe hakuona tangu surua ilipompitia akiwa na miaka minne. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mkewe pia alimwita hivyo. Alitunga kichwani huku akitembea, kisha akarudi nyumbani na kutoboa maneno yake kwenye karatasi ngumu kwa kibao na sindano, nukta baada ya nukta. Mama Mistari, ambaye zamu yake ilianza alfajiri na kuisha saa nane mchana, alikuwa akijilaza nyuma ya pazia lililotenganisha chumba na sebule, na mlio wa ile sindano ulimbembeleza kama mvua ndogo juu ya bati.

Lakini mashairi yenyewe hakuyajua. Nukta nundu hakuzisoma, na Mwalimu hakuwa mtu wa kumkariria shairi asiyeliomba. Yeye hakuomba. Alihofia kwamba humo ndani angekutana na Kidoti.

Kidoti alikuwa mtoto wao wa pekee. Walimwita hivyo kwa ajili ya alama ndogo nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni, imeinuka kidogo tu, ambayo baba yake aliitafuta kwa ncha ya kidole kila alipombeba, akasema hili ndilo neno la kwanza alilosoma bila kufundishwa. Akafa kwa homa akiwa na miaka sita, katika hospitali ileile, wodi ya watoto, ghorofa moja juu ya mabomba ya mvuke. Hawakupata mwingine. Na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyemkataza mwenzake. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma, akanyamaza, na miaka ishirini na sita ikapita wakiwa wamenyamaza hivyo.

Mwalimu alifariki asubuhi moja kwenye ngazi za shule, mkoba begani, kabla watu hawajajua kwamba anaumwa. Mkewe akajikaza kisabuni, kama wasemavyo watu wa kufulia, akarudi kazini baada ya wiki mbili. Miezi minane ilipotimia, mkuu wa shule akamtumia ujumbe: walimu wanataka kukusanya mashairi ya marehemu yawe kitabu kidogo cha wanafunzi, tafadhali atafute karatasi zote.

Wifi yake, dada wa Mwalimu, ndiye aliyekuja kumsaidia kupekua. Juu ya kabati wakakuta bunda la karatasi za nukta, na nyuma yake kopo la biskuti lililojaa kaseti kumi na moja. Hizo kaseti hazikumshangaza mtu. Mwalimu alirekodi humo masomo yake ili wanafunzi wayasikilize majumbani wakati wa likizo. Kila moja ilikuwa na kipande cha karatasi ya nukta kilichobandikwa kwa gundi. Wifi akazipuliza vumbi, akauliza hizi zinasema nini, naye Mama Mistari akajibu kwamba hajui. Akaona aibu kulisema hilo, mke aliyekaa naye zaidi ya miaka thelathini.

Pale hospitali alikuwepo mtu wa kumsomea. Mpokea simu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekaa katika chumba kidogo karibu na lango akiunganisha simu za wodi zote kwa vidole tu, alikuwa amefundishwa na Mwalimu tangu utotoni. Alipowekewa mkononi lile bunda, aliinusa karatasi ya juu kwanza, akatabasamu.

Kwa siku nne, Mama Mistari alipomaliza zamu alipita pale, akakaa kwenye kiti cha wageni, na mpokea simu akamsomea katikati ya simu. Lilikuwapo shairi la fimbo nyeupe lililomchekesha mpaka akafuta macho, na jingine la harufu ya mvua. Siku ya nne mpokea simu akashika karatasi moja iliyochakaa, imepapaswapapaswa na vidole mpaka nukta zimelala.

"Hili halijakwisha, Mama," akasema. "Ni la Kidoti, jina liko juu."

Mama Mistari akasogeza kiti karibu. Akamwambia asome. Mpokea simu akasoma:

Nyota yangu ya mbinguni, mbona umenizimia,
Ua langu la bustani, upepo umevamia,
Nimebakia gizani, njia ninapapasia,

Basi. Mstari wa nne haukuwapo. Mpokea simu akapitisha kidole mahali pake: karatasi ilikuwa tupu pale, lakini imelainika kuliko sehemu nyingine yoyote, kama mahali ambapo mtu ameshika miaka na miaka bila kuandika.

"Siyo zuri," mpokea simu akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayemsema mzazi wake. "Nisamehe. Mwalimu alitukataza nyota. Alisema, wewe nyota umeishika wapi? Na giza pia, sisi giza tunalijulia wapi? Sijui kwa nini hapa aliivunja sheria yake mwenyewe."

Halafu akazipapasa zile kaseti, akasoma vibandiko vyake kimoja kimoja. Mizani. Vina. Vina, sehemu ya pili. Namna ya kuanza. Namna ya kupunguza. Kufika ya kumi na moja akairudia mara mbili. Hii, akasema, haina jina la somo. Imeandikwa Ya nyumbani, na mwezi, na mwaka. Ilikuwa imerekodiwa mwaka mmoja kabla ya Mwalimu kufariki.

Kesho yake saa tisa mchana, jua likiwa bado kali na watoto wa jirani wakipiga kelele nje, Mama Mistari akaiweka redio kaseti juu ya meza ya sebuleni, akakaa kwenye kiti cha Mwalimu kilichokuwa kwenye kona, akabonyeza kitufe. Kaseti ikakwaruza. Kisha sauti ya mumewe ikajaa chumbani, karibu mno, ya mtu aliyeegemea meza ileile.

"Karibu. Kaa kitako. Siyo hapo, sogea dirishani, penye joto."

Mama Mistari alikuwa ameshainuka kabla hajajijua. Akahamia kiti cha dirishani. Kilikuwa na joto kweli, jua lilikuwa limekipiga tangu saa sita.

"Unataka kutunga," sauti ikaendelea. "Vizuri. Wengi huanza na moyo. Usianze na moyo, moyo hauna mpini, utaushika wapi? Anza na kitu ambacho mkono wako ulikishika. Kizito au chepesi, cha baridi au cha moto. Sasa niambie. Mkono wako ulishika nini?"

Kikafuata kimya. Magurudumu ya kaseti yalizunguka, mkwaruzo ukaendelea, chini ya mkwaruzo pakawa na kitu kama pumzi. Kimya kilikuwa kirefu mno kwa somo la shule. Mama Mistari akajikuta anatikisa kichwa, hapana, hapana, kwa kile alichokijua kwamba anaulizwa.

"Usinitikisie kichwa," Mwalimu akasema. "Mimi sikuoni."

Akaizima. Alikaa na kidole juu ya kitufe mpaka kelele za watoto wa nje zikamrudia masikioni. Kisha akajisemesha kama anavyojisemesha mtu mzima. Kwa miaka thelathini na zaidi alikuwa akimjibu yule bwana kwa kichwa, akisahau, na kwa miaka hiyohiyo bwana yule alikuwa akimwambia maneno hayohayo. Alikuwa mumewe, alimjua. Hakuna ajabu. Hata hivyo jioni ile aliisogeza redio mpaka chini ya kitanda, akaifunika kwa kanga.

Siku mbili hakuigusa. Lakini kazini akaanza kuyasikia mambo kwa namna nyingine. Nyuma ya idara ya kufulia kuna uwanja wa kuanikia, kamba kumi na mbili, na upepo ukiingia mashuka hujaa na kuchukua maumbo ya watu, bega hapa, goti kule. Alikuwa amepita katikati yake miaka yote akiimba. Sasa alipita pembeni, ukutani, macho chini. Msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Akasema ni mgongo.

Siku ya tatu aliitoa redio. Safari hii alikaa dirishani mwenyewe bila kuambiwa, akavivuka vile vimya kwa kuinamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya kamba. Mwalimu alifundisha kama alivyofundisha siku zote, bila haraka. Mizani ihesabu kwa mdomo, alisema, macho hudanganya. Nane, kisha nane, na mahali pa kukutania pawe na pumzi. Neno likija kwa sababu ya kina tu, lirudishe lilikotoka hata kama limevaa vizuri. Ukimaliza, usimsomee mtu. Usomee ukuta. Ukuta hauna adabu ya kukusifu, utasikia mwenyewe mahali panapogonga.

Na mwisho wa upande wa kwanza akasema hivi:

"Ukikwama, usiyalaumu maneno. Jiulize unazunguka nini. Ubeti umekaa hapohapo unapopakwepa. Mimi ninao mmoja umenishinda miaka mingi, kwa sababu jambo lenyewe si langu kulisema. Wewe unazunguka nini?"

Kimya tena. Mama Mistari akaizima kabla hakijaisha.

Akajaribu kutunga. Hakumwambia mtu. Alikuwa na fomu za kupokea nguo, nyuma zake ni nyeupe, akawa anaandika wakati mashine kubwa ya kupigia pasi inapata moto. Aliandika malaika wangu mwema. Akaandika lulu yangu ya thamani. Nyumbani akausomea ukuta wa sebule, akasimama mbele yake kama mwanafunzi, na kweli ukuta haukuwa na adabu: maneno yalimrudia yakiwa mepesi, kadi za pole za dukani. Akachana. Akaandika mengine, akachana. Wiki ikaisha hivyo, na kila alipochana alijua kabisa anazunguka nini.

Basi Ijumaa moja alirudi kutoka kazini, hakula, hakuvua hata viatu. Akakaa dirishani, akaipeleka kaseti mpaka pale. Wewe unazunguka nini? Na kimya kilipoanza, safari hii alifungua mdomo.

Alimwambia Mwalimu habari za shuka. Wiki moja kabla Kidoti hajalazwa, alikuwa ameshona mashuka yaliyopasuka, uzi mweupe ukaisha, akalimalizia moja kwa uzi mwekundu kwenye pindo, msimamizi wa wakati ule akamfokea. Kidoti alilazwa, na shuka alilotandikiwa lilikuwa lilelile. Yeye mama yake aliliona pindo, akafurahi hata, akamwonyesha mtoto: tazama, hapa mama amekuandikia. Kidoti akafa Jumatatu. Alhamisi mama yake alikuwa kazini, kwa sababu asingeweza kukaa nyumbani, na toroli la wodi ya watoto likaingia, na ndani yake kulikuwa na lile shuka.

Angeweza kulichana matambara. Angeweza kulificha kifuani akaenda nalo nyumbani, nani angehesabu. Alilifua. Akalikamua, akalipiga pasi, akalikunja. Na lilipokuwa tayari, la moto mikononi mwake, kitu ndani yake kikasema, mbona wangu tu? Akaliweka juu kabisa ya bunda la wodi ya watoto, ili liwe la kwanza kutandikwa. Alitaka mtoto wa mtu mwingine alale humo. Hakutaka tu litumike, alitaka mama mwingine naye aonje alichokionja. Alitaka. Na hakuuliza tena habari zake mpaka leo.

Aliposema neno la mwisho hakuwa analia. Magurudumu yalikuwa bado yanazunguka. Mkwaruzo. Kisha mumewe akavuta pumzi.

"Haya," akasema Mwalimu. "Nimesikia. Sasa machozi yatoe yote. Bakiza shuka."

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka juu chenyewe.

Mama Mistari alitoka nje na viatu vyake, akasimama uani katikati ya jua, vinyweleo vimemsimama mpaka mikononi. Jirani aliyekuwa anachambua mchele akamwamkia. Akaitikia. Akamuuliza jirani habari za mguu wake mbovu. Alikuwa anataka tu kusikia sauti ya mtu anayejibiwa kwa zamu yake na anayejibu kwa zamu yake. Neno shuka halikuwa limetoka kinywani mwake mbele ya Mwalimu kwa miaka ishirini na sita, hata la kusema twende tukatandike. Alisema tandiko. Alisema nguo ya kitanda. Alilikwepa kama anavyokwepa mtu ngazi iliyooza.

Lakini mkono haukungoja moyo utulie. Jumatatu akiwa kwenye meza ya kukunjia, mstari wa kwanza ukaja, mtupu, bila manukato. Alihesabu mizani kwa pembe: mashuka mawili yana pembe nane, hiyo ni nusu ya mstari. Mawili mengine, mstari umekamilika. Wenzake walimwona anagusa pembe na kusogeza midomo, wakadhani anahesabu mzigo. Mstari wa pili ulikuja Jumanne. Wa tatu ulikuwa na neno uchungu, akalirudisha lilikotoka. Wa nne ulimjia Alhamisi, mzima mzima, bila kuutafuta, akiwa ameshika koti la daktari. Aliuandika nyuma ya fomu na kalamu ikatoboa karatasi. Jioni akausomea ukuta ubeti wote. Ukuta ukanyamaza, na ulinyamaza vizuri.

Akampelekea mpokea simu. Ilikuwa saa ya mapumziko, simu zimepungua. Akamsomea:

Lilikuja torolini, shuka nililolishona,
Uzi mwekundu pindoni, mara moja nikaona,
Nikalitia majini, nikalikamua sana,
Likarudi kitandani, kalala mwingine mwana.

Mpokea simu alihesabu kwa kugonga meza. Akasema zimetimia, nane kwa nane. Akasema pale kwenye kalala herufi imemezwa, ila washairi wanaruhusiwa. Baada ya hapo akaunganisha simu moja ya maabara, akarudi, akauliza nani amemfundisha kuyaondoa machozi kwenye shairi.

"Mwalimu," Mama Mistari akasema, akaitoa kaseti mkobani pamoja na redio. Alikuwa ameileta kwa sababu moja. Alitaka sikio la mtu mwingine limwambie kwamba amesikia vibaya.

Mpokea simu akachomeka hedifoni zake za kazi kwenye redio, akazivaa, akafumba macho, jambo analolifanya akitaka kusikia zaidi, ingawa kwake halibadilishi kitu. Akatabasamu aliposikia sauti ya mwalimu wake. Akafika kwenye kimya cha kwanza. Tabasamu likaondoka taratibu.

"Mama," akasema, "hapa kwenye kimya kuna mtu."

Mama Mistari akasema huo ni mkwaruzo.

"Mkwaruzo naujua. Huyu ni mtu. Yuko mbali, kama chumba kingine. Amelala au anaumwa. Anageuka, nasikia mto. Mwalimu anamwambia usinitikisie kichwa." Akaongeza sauti, akaipeleka kaseti mbele mpaka kimya cha mwisho. Na hapo akaanza kuyarudia maneno kadiri alivyoyasikia, kwa ile sauti yake ya kazini, kavu, ya mtu anayepokea ujumbe ili aupeleke wodini bila kuongeza chake.

"Anasema, uzi mweupe umekwisha. Anasema, msimamizi atafoka. Hapa haeleweki. Anasema, la moto, la moto. Anasema, mbona wangu tu. Anasema..." Akasimama. Akairudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena, na Mama Mistari akauona mkono wake juu ya meza umeacha kugonga. "Anasema, likarudi kitandani, kalala mwingine mwana."

Simu mbili ziliita, hakuzipokea.

"Mama, hii ni sauti yako."

Akamvisha hedifoni. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha, chini kabisa, kama sauti ipitayo kwenye bomba la ukuta mwingine, akajisikia mwenyewe. Sauti ya mwanamke aliyelala usingizi wa mchana baada ya zamu, nzito, isiyo na haya, inasema mambo ambayo yeye akiwa macho hakuwahi kumwambia kiumbe. Na kila iliponyamaza, Mwalimu alingoja, akauliza tena kwa upole kupitia pazia, nayo ikajibu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kujipanga kichwani mwake, moja baada ya jingine. Alipokuwa msichana mama yake alimwambia kwamba anaongea usingizini, akadhani ameacha. Kumbe hakuacha. Mumewe alikuwa amekaa upande wa pili wa pazia, mchana baada ya mchana, akisikia habari za shuka, na hakumwambia. Alijua yote, hata lile neno baya. Akaendelea kumtania kuhusu mistari yake, akaendelea kumpokea mkoba mlangoni. Na aliacha mstari wa nne wazi miaka yote kwa sababu uliokuwa unafaa pale aliusikia kila siku, na haukuwa wake.

Hayo aliyaelewa. Lililobaki hakulielewa na halijaeleweka. Mstari ule wa nne aliutunga Alhamisi iliyopita, akiwa ameshika koti la daktari. Kaseti ilikuwa na umri wa miaka karibu miwili. Mpokea simu akajaribu kumsaidia, akasema pengine shairi lilikuwa limeshajitunga lenyewe chini huko, yeye akaja kuliokota tu. Mama Mistari akasema pengine. Wote wawili walisikia jinsi neno hilo lilivyotoka.

Hakulala nyumbani kwa siku tatu. Alikwenda kwa wifi yake, akasema bati linavuja. Asubuhi ya kwanza, wakinywa chai, wifi akamuuliza, bila ubaya, jana alikuwa anaongea na nani.

Kikombe kikasimama njiani. "Nilisema nini?"

"Hata sikukuelewa, wifi. Ulikuwa unahesabu. Unafika nane, unanyamaza kidogo kama unayemsikiliza mtu, halafu unaanza tena."

Siku ya nne alirudi kwake, kwa kuwa aliona hakuna maana ya kukimbia kitu anachokibeba mwenyewe. Alikwenda kwa mkuu wa shule na bunda zima. Mkuu, mwanamke mwenye haraka na moyo mzuri, alilisikiliza shairi la Kidoti, akatoa wazo kwamba mstari mmoja wa mama uhamishwe, uzibe pengo la baba, shairi liwe safi. Mama Mistari alikataa. Alisema ubeti wa Mwalimu uchapwe kama alivyouacha, mistari mitatu na nafasi tupu, na ubeti wake ufuate chini. Mkuu akasema wanafunzi watadhani mashine imekosea. Akajibu kwamba wakigusa watajua. Hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa, na labda ndiyo sababu mkuu alikubali.

Kitabu kilipotoka aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye madawati, kila mmoja na nakala, darasa limejaa ule mchakacho mdogo wa vidole vingi vinavyotembea juu ya karatasi. Walikuwa wakifika ukurasa ule wanapunguza mwendo. Vidole vilishuka mistari mitatu, vikaingia kwenye nafasi tupu, vikasita, vikapapasa kushoto na kulia, vikashuka. Hakuna aliyeuliza kuhusu mashine.

Msichana mmoja wa darasa la sita, aliyekaa mbele, alimaliza kabla ya wenzake. Aliambiwa kwamba aliyetunga ubeti wa pili yumo darasani. Akainua uso, akaugeuza mahali penye pumzi asizozijua.

"Na huyo mtoto mwingine," akauliza, "alipona?"

Mama Mistari alikuwa amejiandaa kwa maswali ya mizani na vina. Alitikisa kichwa, kisha akakumbuka mahali alipo.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Niliogopa kuuliza."

Msichana alifikiri kidogo, kidole chake bado juu ya neno mwana. Akamwambia kwamba yeye angeuliza. Halafu akairudisha mikono juu ya ukurasa, akaanza kusoma upya, kwa sauti, tangu nyota.